Boa ya rangi: nani anaamua kama ni ya kweli?

Mu Lubumbashi, neno « boa » haliletake kazi. Ukienda upande wa Karavia, kule njia ya golf inapita na hoteli kubwa inaangalia ziwa, ukiuliza jina la nyoka kubwa yenye kujificha mu majani ya kando ya maji, mkubwa na mtoto watakujibu neno moja tu: boa. Kifaransa chetu kinasema boa, Kiswahili chetu kinasema boa. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wanasema chatu. Wote tunafikiri tunasema juu ya nyama moja.

Kumbe boa ile dunia inauzishana leo kwa sababu ya rangi yake, nyeupe, nyekundu ao ya majivu, si ile ya kwetu. Tunaandika juu yake leo kwa sababu picha zake zimeingia mu telefone za vijana wetu, na bei ya dola pembeni. Baba anatoka kazi, anakuta watoto wamezunguka telefone moja, na ulizo linakuja: « Na yetu je? Tukishika moja yenye rangi ya kushangaza, hatutapata falanga? » Ni ulizo la haki. Mu nyumba ambamo mshahara unachelewa, ao ambamo baba anachimba kwa mkono wake mwenyewe, hakuna mtu atakaye kucheka mbele ya dola.

Tunataka kulijibu ulizo hilo mpaka mwisho. Lakini kwanza tuangalie ulizo lingine, lile wafugaji wenyewe wa Amerika na Bulaya wanagombania tangu miaka mingi: rangi gani inafaa kuitwa rangi ya pekee, na nani anaamua?

Tuanze na jina

Boa ya kweli, ile wataalamu wanaita Boa constrictor, ni nyoka ya Amerika ya Kati na ya Kusini. Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, aliiandika na jina hilo mwaka 1758. Haitagi mayai, inazaa vitoto vizima, vyenye kutembea siku ile ile. Mara nyingi inafika mita 2 ao 3.

Ile ya kwetu mu Haut-Katanga ni chatu ya kusini, Python natalensis. Hiyo inataga mayai, na inaweza kupita mita 4. Zote mbili hazina sumu. Zinaua kwa kukaza. Kwa macho ya mtu mwenye kukimbia ni kitu kimoja, lakini kwa uzazi ni jamaa mbili mbalimbali, na huwezi kupata mtoto wa moja kwa ingine.

Je, Afrika haina boa ya kweli? Iko nazo. Mu michanga ya Kenya na ya kaskazini ya Tanzania, mpaka Misri, kunaishi boa ndogo ya mchanga, Eryx colubrinus, yenye madoa meusi-kahawia juu ya rangi ya chungwa, na urefu wake ni chini ya mita moja. Wafugaji wa dunia nzima wanaijua kwa jina la Kenya. Na mu pori kubwa la nchi yetu, mbali na Katanga, kuna nyoka ingine ndogo, Calabaria, yenye mkia unaofanana na kichwa. Miaka mingi wataalamu waliiita chatu, juu inataga mayai. Kisha walipoichunguza vizuri zaidi, waliihamisha upande wa boa. Nyoka yenyewe haikubadilika hata gamba moja. Ni sisi tuliokuwa tumeiangalia na macho tu.

Hapo tayari tuko mu kiini cha maneno yetu. Jicho linaona, lakini jicho halitoshi.

Rangi inatoka wapi

Mu ngozi ya nyoka kuna mafundi watatu wa rangi. Wa kwanza anatia nyeusi na kahawia. Wa pili anatia manjano na nyekundu. Wa tatu hana rangi yake mwenyewe: anarudisha mwangaza, sawa vile jiwe fulani linametameta ukiligeuza mu jua. Mchoro tunaouona juu ya mgongo ni kazi ya wote watatu pamoja.

Kama fundi wa nyeusi haji kazi, nyoka inazaliwa albino: nyeupe, manjano na nyekundu zinabaki, na macho yanakuwa mekundu. Kama ni nyekundu inayokosa, nyoka inakuwa ya majivu na nyeusi, sawa picha ya zamani. Kama zote mbili zinakosa, inabaki karibu nyeupe yote, na wafugaji wanaipa jina la theluji. Boa ndogo ya Kenya pia iko na hizo tatu zote mu mikono ya wafugaji: albino, ya majivu, na theluji.

Nani anamwambia fundi asikuje kazi? Ni amri ndogo ndani ya damu, ile inayoitwa jeni. Kila mtoto anapokea amri mbili, moja ya baba na moja ya mama. Gregor Mendel, mtawa aliyepanda mbaazi mu bustani, aliandika kanuni zake mwaka 1866, na kanuni hizo zinafaa kwa boa sawa vile zinafaa kwa mbaazi na kwa sisi watu.

Amri ya albino ni yenye kujificha. Ikiwa moja tu, nyoka inaonekana ya kawaida kabisa, lakini inaibeba. Lazima amri mbili zikutane njo rangi ionekane. Ndiyo sababu wazazi wawili wenye rangi ya kawaida wanaweza kupata mtoto albino, na hakuna mtu wa kulaumu: si mama, si jirani, si ndoki. Ni hesabu.

Tuifanye hiyo hesabu. Chukua boa mbili zenye kubeba amri ya albino bila kuionyesha. Mama anazaa vitoto 24. Kwa wastani 6 watakuwa albino, 12 watabeba amri bila kuonyesha, na 6 hawatakuwa na kitu. Lakini wale 12 na wale 6 wanafanana. Mbele yako uko na vitoto 18 vya rangi moja. Mfugaji anajua kwamba 12 kati ya 18 ni wabebaji, lakini hajui ni nani. Basi anaviuzisha vyote 18 na kuandika: « nafasi 66 kwa mia ya kubeba ». Mnunuzi analipa zaidi kwa kitu ambacho hawezi kuona. Hapo njo mabishano yanaanza.

Wanagombania nini

Bishano la kwanza ni juu ya boa inayoitwa « salmon », jina la samaki ya Bulaya yenye nyama ya rangi ya waridi. Hii haina nyeusi nyingi, inaonekana safi na nyekundu-nyekundu. Amri yake haijifichi: moja tu inatosha kuonekana. Nyoka yenye amri mbili inaitwa « super », na bei yake inapanda, juu vitoto vyake vyote vitakuwa salmon. Shida ni kwamba salmon yenye amri moja na ile yenye mbili zinaweza kufanana sana. Muuzishaji anasema: « Angalia ginsi inang'aa, hii ni super. » Mwingine anajibu: « Kung'aa si ushahidi. Zalisha kwanza. » Kama kitoto kimoja tu kinatoka cha kawaida, super inaanguka, na bei inaanguka nayo.

Bishano la pili ni juu ya « pastel ». Hapa hakuna amri moja inayojulikana. Mtu amechagua boa zenye rangi safi, akazizalisha pamoja, akachagua tena mu vitoto, miaka na miaka, sawa vile mkulima anachagua masuke makubwa ya mahindi kwa mbegu. Rangi ni ya kweli, kazi ni ya kweli. Lakini ukiichanganya na nyoka ingine, rangi inapungua, inagawanyika, hakuna hesabu ya 1 kwa 4. Wengine wanasema hiyo haifai kuitwa aina; ni boa nzuri tu. Wengine wanajibu kwamba kazi ya miaka kumi na mitano haiwezi kuwa bure mbele ya jeni moja iliyookotwa kwa bahati. Na kati yao wanaingia wale wasio na kazi wala jeni, wanaoandika « pastel » juu ya kila boa yenye kupendeza kidogo.

Bishano la tatu linafundisha kuliko yote. Kuna koo mbili kubwa za boa albino, zenye majina ya wafugaji waliozianzisha: ukoo wa Kahl na ukoo wa Sharp. Zote ni nyeupe na manjano, zote zina macho mekundu. Mtu atafikiri: albino na albino, watoto watakuwa albino. Hapana. Changanya Kahl na Sharp, na vitoto vyote vinatoka na rangi ya kawaida! Kwa nini? Juu ni amri mbili mbalimbali, kila moja mu mahali pake. Mtoto anapokea moja ya kila upande, na hakuna yenye kupata mwenzake. Mtu aliyenunua bila kuuliza ukoo anangoja miaka, kisha anakuta sanduku lililojaa vitoto vya kawaida.

Bishano la nne ni la mahali. Kuna boa za visiwa vya Cayos Cochinos, mu Honduras, ndogo na zenye rangi ya upole. Watu wa biashara wanaziita za « Hog Island ». Je, rangi ya kisiwa kizima ni aina ya pekee, ao ni kabila tu? Na ukiichanganya na boa ya bara, kitoto kinaweza kubeba jina la kisiwa? Wafugaji wa haki wanasema hapana. Lakini jina hilo lina historia mbaya: miaka ya 1980 watu walizikusanya kwa wingi juu ya biashara hiyo, mpaka kisiwani zikapungua sana. Jina lilipanda bei, na wenye jina wakakosekana kwao.

Wachimbaji wanalijua bishano hili

Msomaji wetu mchimbaji hatashangaa. Anajua kwamba si kila jiwe la kijani ni « malachite » ya bei. Anajua kwamba jiwe jeusi linaweza kuwa « hétérogénite » yenye cobalt, ao manganese tu yenye kudanganya. Mtu anabeba gunia mgongoni, anasema: « Hii iko mukali, angalia rangi yake. » Mnunuzi mu depo anachukua ile mashine ndogo mnaita Metorex, anaielekeza, na mashine inasema « teneur ». Wakati ule rangi haina tena neno.

Na msomaji wetu anajua pia upande wa pili wa maneno: mashine iko mu mikono ya nani? Kama ni mnunuzi peke yake anayeishika na kuisoma, mchimbaji anarudi nyumbani na mashaka. Kipimo bila uaminifu ni rangi ingine tu.

Kwa boa, Metorex ni vitoto. Hakuna kipimo kingine kilichokuwepo kwa miaka mingi. Unashika nyoka yenye rangi ya ajabu, unaizalisha na ya kawaida. Kama amri inajificha, vitoto vyote vitatoka vya kawaida. Unavilea mpaka vikue. Boa jike inahitaji miaka kama 3 ao 4 mbele ya kuzaa, na mimba yenyewe inachukua miezi. Kisha unarudisha binti kwa baba. Kama rangi inarudi, na inarudi kwa hesabu yenye kufaa, hapo njo unaweza kusema: ni ya kweli, inarithiwa. Miaka saba ao nane imepita. Mu muda ule wote, mtu asiye na aibu ameisha kuuzisha jina.

Siku hizi kumeongezeka kipimo kingine. Mu chuo kikuu kimoja cha Michigan, Marekani, watafiti na wanafunzi waliomba wafugaji wawatumie ngozi zile chatu inavua, si nyoka yenyewe. Mu ngozi kavu kuna bado damu ya kusoma. Mwaka 2022 waliandika kwamba mu chatu ndogo ya Afrika ya Magharibi, albino za rangi mbili zenye majina tofauti zinatoka kweli kwa jeni mbili tofauti. Mabishano ya miaka mingi yalijibiwa na ngozi iliyotupwa.

Rangi zinazodanganya

Kuna rangi zinazokuja na kuenda. Kitoto cha boa kinaweza kuzaliwa na nyekundu ya ajabu, kisha kikikua kinakuwa cha kahawia. Boa yenye kutaka kuvua ngozi inakuwa na ukungu wa buluu siku kadhaa. Boa nyingi zinakuwa nyeupe-nyeupe usiku na kukolea muchana. Picha moja iliyopigwa saa nzuri inaweza kuuzisha nyoka ambayo kesho haitafanana na picha.

Lakini mfano mkubwa uko kwa chatu ile ya kwetu, na tunaomba msomaji wa Karavia ausikilize vizuri. Graham Alexander, mwalimu wa chuo kikuu cha Witwatersrand mu Afrika ya Kusini, alifuata chatu ya kusini porini kwa miaka, na vyombo vidogo vya kupeleka alama vilivyowekwa ndani ya mwili wao. Aliona kwamba jike mwenye kubeba na kulalia mayai anageuka mweusi. Si uchafu, si aina mpya. Nyeusi inavuta joto la jua. Mama anatoka kulala mu jua mpaka mwili unapata moto mkali, kisha anarudi mu shimo kuyazunguka mayai na kuyapa joto lile. Wakati huo halishi tumbo lake. Vitoto vikitoka, anabaki navyo usiku karibu majuma mawili mengine, mpaka vinaweza kujitegemea.

Basi mtu anayekuta boa nyeusi na kupiga kelele « Hii ni ya bei! » anaweza kuwa amekuta mama mwenye njaa anayelea mayai yake. Akimshika, rangi itapotea mu miezi michache, na mayai yatakufa mu shimo. Na mtu anayesema « Nyeusi ile ni ya uchawi » na kumpiga na panga amefanya kosa lile lile kwa njia ingine. Wote wawili wamesoma rangi bila kuuliza kazi yake.

Bei inashuka, nyama inaumia

Tuseme sasa juu ya falanga. Chatu ile ndogo ya Afrika ya Magharibi, Python regius, inayojikunja sawa mpira ikiogopa, inaishi toka Senegal mpaka Uganda. Albino wake wa kwanza waliozaliwa mu ufugaji walitoka Marekani mwaka 1992. Wakati ule mmoja alilipwa maelfu ya dola. Leo albino wa aina ile analipwa sehemu ndogo kabisa ya bei ya mwanzo. Ni lazima iwe vile: kitu chenye kuzaa kinajijaza chenyewe sokoni. Anayepata faida ni wa kwanza na wa pili. Anayeingia wa mwisho analisha nyoka ambazo hakuna mtu anazitaka. Wachimbaji mmeona ginsi bei ya cobalt ilipanda mwaka 2018 na ginsi ilianguka nyuma yake. Hatuna haja ya kueleza zaidi.

Na nani analipwa mwanzoni? Togo, Benin na Ghana zimepeleka chatu hizo inje kwa makumi ya maelfu, mwaka kwa mwaka. Mwenye kuzichimbua mu mashimo analipwa makuta. Rangi, jina na bei vinatengenezwa ng'ambo. Wimbo ule tunaujua: jiwe linatoka likiwa jiwe, linarudi likiwa telefone.

Kuna pia deni ambalo nyama inalipa. Mwaka 1999 kulipatikana chatu ya aina hiyo yenye mchoro mwembamba sawa uzi wa buibui, na kwa sababu hiyo iliitwa jina la buibui. Mchoro mzuri, amri yenye kuonekana, inarithiwa: mitihani yote ilipita. Lakini kichwa chake kinatetemeka na kuzunguka. Zingine zinajigeuza tumbo juu, zinakosa chakula kilicho mbele yao. Mwaka 2022 wataalamu wa Ujerumani walipiga picha za ndani ya kichwa na wakaona kwamba sikio la ndani, lile lenye kutusaidia kusimama bila kuanguka, limeharibika tangu kuzaliwa. Rangi na ugonjwa vinatembea pamoja. Haujapatikana bado mchoro ule bila kutetemeka kule. Chama kimoja cha wafugaji cha Uingereza, International Herpetological Society, kilikataza kuziuzisha mu masoko yake.

Hapo sisi tunaona kwamba wafugaji wamegombania nusu tu ya ulizo. Wanauliza: rangi inarithiwa? Ukoo ni upi? Hesabu inatoka? Yote ni maulizo mazuri, yanalinda mnunuzi asiibiwe. Lakini kuna ulizo linalolinda nyama yenyewe: inaweza kula, kutambaa na kuzaa bila mateso? Rangi isiyopita hapo, kwetu haifai, hata ikiwa ya kweli mara kumi. Mu mgodi pia, jiwe linaweza kuwa na « teneur » ya juu na shimo likawa la kufia. Mwenye akili anapima vyote viwili.

Na sisi wa Karavia?

Turudi sasa kwa ulizo la vijana. Tukishika boa ya rangi ya kushangaza kando ya ziwa, tutapata falanga?

Jibu la kwanza ni la sheria. Nchi yetu iliingia mu mkataba wa CITES mwaka 1976. Chatu na boa zote ziko mu orodha za mkataba ule, nyingi mu orodha ya pili: hazivuki mpaka bila kibali. Juu ya hiyo kuna sheria n° 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya kulinda asili, yenye kuweka malipizi kwa wanaofanya biashara ya nyama zinazolindwa. Mtu anayekuambia mu telefone « Niletee, nitapanga karatasi nyuma » hatakuwa pamoja nawe siku utakaposimamishwa mu barrière. Karatasi inakuja mbele ao haiji.

Jibu la pili ni la hesabu. Rangi moja iliyookotwa si aina. Inaweza kuwa ya umri, ya kuvua ngozi, ya mama mwenye mayai, ao ya kovu la moto wa pori. Hata kama ni ya damu, kuionyesha kunaomba miaka saba ao nane, nyumba yenye joto, panya na kuku za kulisha kila juma, na nyoka ya mita 4 mu nyumba yenye watoto. Mnunuzi wa mbali hatakulipa kazi hiyo. Atakulipa nyoka tu, kwa bei ya nyoka, na jina atalitia yeye.

Jibu la tatu ni la jirani. Chatu mu majani ya maji inakula panya kuliko kitu kingine kidogo, na familia yenye kulima bustani ya mboga inajua deni la panya. Inaweza pia kukamata kuku, imbwa ndogo, mbuzi mtoto. Hatusemi bongo, ni nyoka yenye nguvu. Ukiiona, rudisha watoto nyuma, funga imbwa, iachie njia. Chatu iliyoshiba na iliyoachiwa njia inaenda zake. Kama imeingia mu kiwanja na haitoki, julisha wenye kazi ya kulinda nyama za pori, wale wa ICCN, kuliko kumwita kijana mwenye kutaka kuonyesha ushujaa na fimbo.

Tunajua kuna wasomaji watakaosema: nyie wa gazeti mnasema vizuri juu hamna njaa. Tunajibu hivi. Hatujamkataza mtu kutafuta maisha, na hakuna haya mu kupenda nyama ya ajabu. Mwenye kutaka kujifunza kazi ya ufugaji anaweza kuanza na njiwa, sungura ao kuku, kanuni ni zile zile za Mendel, na vinakomaa mu miezi, si miaka. Andika mu kaye: baba nani, mama nani, vitoto ngapi, rangi gani. Baada ya vizazi vitatu utajua rangi gani inajificha mu banda lako, na hakuna mtu wa mbali atakayekuja kukufundisha jina lake. Hiyo ni mayele ambayo mtoto wa mchimbaji anaweza kushika mkononi bila kibali na bila kuogopa barrière.

Na kama siku moja, ukipita Karavia asubuhi, unaona boa nyeusi imelala mu jua bila kukimbia, simama mbali. Piga picha kama unataka, na utuletee picha, tutaichapa hapa. Nyoka muiache pale.